LAND ROVER YETU INASEMA, SISI HATUSIKII



Naomba nafasi hapa ukutani kabla kamati haijakaa kuzungumzia gari la ushirika. Nasikia wapo wanaotaka liuzwe kama chuma chakavu, na wapo wanaotaka inunuliwe difu nyingine. Mimi nasema tusubiri kwanza. Hatujajua gari linaumwa nini, tutajuaje dawa?

Tukumbuke yaliyotupata msimu uliopita. Gari lilikuwa linalia "kdu!" kila dereva akiachia klachi. Likapelekwa kwa fundi mmoja, akasikiliza amesimama wima, akasema difu imekufa. Tukauza asali ya akiba, difu ikafungwa, gari likarudi na "kdu!" yake ile ile. Dereva akasema tena. Tukamjibu: endesha tu, gari zee halikosi kelele.

Halafu mnaujua usiku ule. Mama alikuwa na uchungu, anapelekwa hospitali, gari likavunjika krosi ya propela ya nyuma katikati ya mbuga. Bahati ilikuwa kiangazi. Dereva akalala chini na tochi, akafungua nati nane, akaitoa propela yote ya nyuma, akaunga mbele, akaenda pole pole kwa magurudumu ya mbele peke yake. Mama alifika, mtoto yupo. Lakini jamani, ingekuwa kifuku, tope la mbuga lingetuachia?

Kile kilichovunjika ni kitu cha kushika kiganjani. Bei yake haifiki hata robo ya difu tuliyonunua bure. Fundi alikosea, ndiyo. Na sisi tulikosea zaidi, maana tuliambiwa mara mbili.

Kwa wasiofahamu, nieleze. Nguvu ya injini hupita kwenye klachi na giaboksi, kisha kwenye giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma. Hapo zinatoka propela mbili, yaani yale mabomba ya chuma yanayozunguka chini ya gari. Kila ncha ya propela ina krosi, msalaba mdogo wenye vikombe vinne, na ndani ya kila kikombe mna vijiti vya beringi vyembamba kama sindano. Krosi ndiyo inayoiacha propela izunguke huku ekseli ikipanda na kushuka mashimoni. Grisi ikiisha na maji yakiingia, sindano zile husagika zikawa unga mwekundu wa kutu.

Sasa sauti. Kila ugonjwa una sauti yake:

1. "Kdu!" wakati wa kuondoka, au ukikanyaga na kuachia mafuta: kuna nafasi mahali fulani. Inaweza kuwa krosi, meno ya propela pale inapoingiliana, au difu. Sauti hii peke yake haitoshi kuhukumu.

2. "Kwi, kwi, kwi" kama ndege, gari likienda taratibu: krosi imekauka grisi.

3. Gari linatetemeka likifika mwendo fulani, likipungua linatulia: propela imepinda, imeshika tope, au ilifungwa vibaya, ncha zake mbili hazikulingana.

4. Mlio mrefu kama wa nyuki mzingani, unaobadilika ukikanyaga na ukiachia mafuta: hapo ndipo tuishuku difu.

5. Mngurumo unaozidi ukikata kona upande mmoja: mara nyingi ni beringi za gurudumu.

Na kuna jaribio lisilo na gharama. Mahali pa wazi tambarare, gari likiwa kwenye mwendo, toa gia, acha litembee lenyewe, injini iungurume tu. Kelele ikibaki na kufuata mwendo wa magurudumu, ugonjwa uko kwenye propela, difu au magurudumu. Ikifuata injini, tafuta huko mbele.

Kisha lala chini uangalie kwa macho. Injini imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwako, mawe yamewekwa mbele na nyuma ya magurudumu, gia imetolewa, hendibreki imeachiwa. Shika propela kwa mkono mmoja na kichwa inapofungwa kwa mkono wa pili, zungusha huku na huku. Vikitofautiana pale kwenye msalaba, krosi imekwisha. Vikienda pamoja, nafasi iko mbele zaidi au nyuma zaidi, endelea kutafuta. Tazama pia vikombe: wekundu wa kutu ni cheti cha ugonjwa. Mafuta ya difu nayo yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Yakiwa na vipande vya chuma vya kushikika kwa vidole, hapo nami nitasema difu ifunguliwe.

Hayo mawe msiyadharau. Land Rover za zamani kama yetu, hendibreki haishiki magurudumu. Inashika propela ya nyuma pale inapotoka giaboksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, gari laweza kukutembelea ingawa hendibreki umeivuta. Na krosi ya nyuma ikikatika mlimani, mbele hujaunga, hendibreki haina cha kushika. Vijana wanaopenda kuingia chini ya gari wasikie hilo.

Jumamosi mimi na dereva tulifanya hivyo. Tumekuta krosi moja ya propela ya mbele ina vikombe viwili vyekundu, na tundu lake la grisi limezibwa na tope. Mtauliza, mbona mbele hatuungi mara nyingi? Propela ya mbele ya gari letu huzunguka hata usipounga, maana magurudumu yenyewe huizungusha. Nyuma ni salama. Difu haina mlio wa nyuki na mafuta yake ni safi. Basi tunanunuaje difu ya pili?

Sisi tunaishi kando ya njia ya misafara. Babu zetu walibeba pembe na vitambaa mabegani, mzigo wa frasila mbili, kati ya Tabora na Bagamoyo. Msafara wa Burton na Speke ulitoka pwani Juni 1857, ukafika Kazeh Novemba. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla yake mguu wa mpagazi ndio uliokuwa propela, na mpagazi aliyechomwa mwiba hakungoja mguu uvimbe ndipo aseme. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya fundi. Kutengeneza, sawa, ni kazi ya fundi. Lakini anayekwenda kwa fundi bila kujua anachoumwa hulipia kubahatisha kwake.

Kwa hiyo naiomba kamati mambo manne. Kwanza, inunuliwe krosi moja ya mbele, na bomba la grisi liwe mali ya ushirika. Kila wiki krosi zipigwe grisi mpaka ile ya zamani itoke kwenye vikombe vyote vinne. Ikitoka vitatu, cha nne kimeziba. Pili, liwepo daftari la gari, na dereva aandike kila sauti mpya, tarehe na mahali. Tatu, dereva akisema gari halitoki, lisitoke, hata anayetaka kusafiri awe mwenyekiti. Nne, mbele iungwe kwenye mchanga na tope tu. Tukifika lami ya Urambo kwenda Tabora, itolewe, maana kwenye barabara ngumu magurudumu ya mbele na ya nyuma hushindana na krosi ndizo zinazoumia.

Na marobota ya tumbaku yapunguzwe. Gari si punda, na hata punda hulala chini akizidiwa.

Mwenye hoja ya kunipinga aandike hapa chini, nafasi ipo. Ila kabla hujaandika, njoo kesho asubuhi ulale chini ya gari ujionee. Gunia la kulalia nitaleta mimi.

Mwenzenu,
Mwanachama