Kukariri Siyo Kuelimika
Nchini Marekani mtu mzima asiyemaliza sekondari aweza kujipatia cheti cha GED. Katika mtihani wake wa maarifa ya jamii, wa dakika 70, takriban nusu ya maswali yahusu uraia na serikali. Hata hivyo, wako wanaowakaririsha wanafunzi majina ya marais na tarehe za vita. Huko ni kumpotezea muda mkimbizi kutoka Kongo ajifunzaye kwa Kiingereza baada ya zamu ya usiku. Mtihani humpa hotuba, ramani au jedwali, naye hutakiwa kupambanua ukweli na maoni. Basi tumfundishe kupima hoja. Mwenye kuuliza “Ushahidi uko wapi?” hatafaulu mtihani tu, akishapata uraia, hatanunuliwa kura yake kwa maneno matamu.