Mlango wa nyuma ndio mlango wa abiria

Na Neema Laizer

Gereji za Sombetini, Arusha, zinajua kuzitunza Land Rover za zamani. Injini inafumuliwa na kufungwa upya, bodi inapigwa rangi, bampa inachomelewa. Ukifika mlango wa nyuma unakuta umefungiwa kamba, au kijana ameuegemea kwa bega ili watu wapande.

Kwenye Land Rover 110 yenye mabenchi ya kutazamana, hapo ndipo anapopandia mama wa Ngarenanyuki, mtoto mgongoni na ndoo ya nyanya mkononi. Gari ikisimama mteremkoni, au upepo ukivuma kutoka Mlima Meru, mlango uliobeba tairi la spea hurudi kwa nguvu ya kuvunja vidole.

Dawa yake ipo: shokapu ya gesi, kama zile zinazoshikilia buti za magari madogo. Ndani ya silinda mna naitrojeni iliyoshindiliwa, pamoja na mafuta kidogo ya kulainisha sili na kutuliza mwendo wa fimbo yake. Kuifunga ni kazi ndogo, ila haitaki kubahatisha.

Mlango wa kuinuliwa, kama wa Land Cruiser 80, uzito wake hubebwa na shokapu. Mlango wa 110 hufunguka kwa pembeni. Uzito uko kwenye bawaba, na shokapu huuzuia tu usirudi. Ukifunga ya mtumba yenye nguvu kupita kiasi, mlango utaruka nje na kuzichosha bawaba. Nguvu hiyo mara nyingi imeandikwa kwenye silinda, tarakimu na herufi N ya nyutoni: isome kabla hujalipa. Bawaba zilizolegea zitengenezwe kwanza. Bodi ni aluminiamu nyembamba, kwa hiyo bolti ziwekewe kipande cha chuma kwa nyuma zisije zikairarua. Na moto wa kuchomelea usiisogelee silinda, inaweza kulipuka.

Kiwanda cha Solihull, Uingereza, kiliunda Land Rover Defender ya mwisho ya muundo huu Januari 2016. Hizi tulizonazo zitaendelea kubeba watu wetu kwa miaka mingi. Mwenye gari anayetafuta pesa ya rangi mpya aanze na mlango huu. Fundi naye, kabla ya kukabidhi gari, aisimamishe mteremkoni, aufungue mlango ukiwa na tairi lake, kisha auachie. Ukitulia, kazi imekwisha. Ukirudi, gari hiyo bado haijastahili kupokea nauli ya mtu.