Kijana Aambiwe Ukweli

Kuna mwandishi anayedai kocha wa riadha asimwambie kijana kwamba hana kasi ya kutosha, eti atamvunja moyo. Nakataa. Kinachovunja moyo ni kugundua ukiwa na miaka 25, shule umeiacha, kwamba kocha alijua siku nyingi akanyamaza.

Mfano ni mwanariadha wa Kenya David Rudisha: alianza na mita 400, umbali aliokimbia baba yake. Kocha wake wa Iten, Colm O'Connell, alimwelekeza kwenye mita 800. Mwaka 2012, London, akaweka rekodi ya dunia: 1:40.91.

Kocha aseme waziwazi: "Mita 100 za kwanza wanakuacha, mwishoni unawakaribia. Tujaribu mbio ndefu zaidi." Huko ni kumheshimu kijana. Kumsifia asichonacho ni kumpotezea miaka yake.