Yangeyange wa Amu na Yale Anayosingiziwa

Husemwa kwamba yangeyange ni ndege mmoja, mweupe, basi. Maji yakipwa kati ya visiwa vya Amu (Lamu) na Manda, anayetazama matope kwa makini haoni ndege mmoja. Weupe unadanganya, tazama miguu na mdomo. Mwenye mdomo mweusi, miguu myeusi na vidole vya manjano, mithili ya aliyevaa soksi, ni yangeyange mdogo. Yule mrefu mwenye shingo iliyopinda kona, ambaye mstari wa kinywa chake unapita hadi nyuma ya jicho, ni yangeyange mkubwa. Mdomo wake ni wa manjano, lakini msimu wa kutaga hugeuka mweusi, kwa hiyo mdomo peke yake hautoshi kumjua. Yangeyange wa ng'ombe ni mfupi, shingo nene, na akikaribia kutaga hutokwa na manyoya ya rangi ya hudhurungi kichwani, kifuani na mgongoni.

Dai la pili ndilo lililoshika mizizi zaidi: kwamba yule wa kijivu cha kiza anayewinda ufukweni ni dume, au ni kinda ambaye bado hajawa mweupe. Si kweli. Yangeyange wa mwambao huzaliwa wa rangi mbili. Wako weupe na wako wa kijivu, madume kwa majike, na wa kijivu hazeeki akawa mweupe. Hupandana na hulea makinda pamoja. Wa kijivu mtambue kwa baka jeupe kooni. Asipokuwa nalo, na akawa mweusi tii, huenda ni ndege mwingine kabisa wa pwani hii: yule anayekunjua mabawa yote mawili juu ya kichwa, akajifanyia kivuli majini, akawinda humo. Ni tabia ya ajabu, na inafaa kusimama kuitazama.

Kuhusu kupe: wafugaji wa Witu na Mpeketoni wanampenda yangeyange wa ng'ombe, nami nawaunga mkono, ila sababu inayotajwa, kwamba anawala kupe wa ng'ombe, siyo. Kupe si chakula chake kikuu. Hufuata kwato kwa sababu kwato huamsha panzi, nyenje na vyura nyasini. Ndiyo maana hufuata hata trekta linalolima, na trekta halina kupe.

Wapo pia wanaomlaumu kwamba anawamalizia wavuvi samaki. Yangeyange humeza windo zima, kwa hiyo kipimo cha samaki wake ni koo lake. Anakula vidagaa, kamba na kaa wadogo wa maji ya vifundoni. Changu aliyefikia saizi ya kuuzwa hamwezi.

Sasa dai linaloniuma: kwamba mikoko ikikatwa hakuna hasara, ndege ana mbawa, atahamia kwingine. Kwingine wapi? Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Maisha ya ndege huyu yanaongozwa na maji. Wakati wa bamvua, kujaa na kupwa hupishana kwa takriban mita 3, na urefu wa mguu ndio unaoamua nani awinde wapi na kwa muda gani. Maji yakijaa matope yote hufunikwa, naye hupanda mikokoni kungoja. Makinda ya kamba na samaki atakaowala maji yakipwa hukulia chini ya mizizi hiyohiyo. Kililana, ambako gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilianza kazi mwaka 2021, mikoko iliondolewa na mkondo ukachimbwa. Palipochimbwa hapapwi tena kiasi cha ndege kusimama.

Nikiambiwa kuna Ziwa Kenyatta kule Mpeketoni, nakubali kwamba linamfaa yangeyange mkubwa na yule wa ng'ombe. Wa mwambao halimfai: yeye huwinda kwenye miamba, matope na vidimbwi vya chumvi vinavyoachwa na maji. Na ziwa lenyewe hupungua vibaya ukame ukizidi.