Mtoto wa mbwa akivuta miguu, msikimbilie kumtupa

Testi zimekwisha, boom ndo hivyo linapumulia mashine, lakini leo siongelei boom. Naongelea mbwa. Najua kuna watu wameshacheka, maana hapa SUA ukisema unasoma vet unaitwa "daktari wa mbwa" hata kama wiki nzima umeshinda zizini na ng'ombe. Haya, leo acha niwe daktari wa mbwa kweli, japo cheti bado.

Hoja yangu ni hii. Mtoto wa mbwa akianza kupinda miguu au kuyumba kiuno, mara nyingi mkono wa binadamu umo, na mara nyingi bado kuna la kufanya. Ile hukumu ya mtaani ya "huyo kashaharibika, katupe" mimi siikubali.

Nimeshtuliwa na jirani mmoja karibu na ninapopanga. Alinunua mtoto wa German Shepherd kwa hela nzuri tu, awe mlinzi. Alipofika miezi mitatu na nusu miguu ya mbele ikapinda, ya nyuma ikawa haimbebi, ukimgusa analia. Jamaa alishaandaa kiroba cha kumtupia. Nikamuuliza, anakula nini? Akajibu kwa kujisifu: "Huyu hagusi ugali. Ni maini na steki tu, nataka awe mkali."

Jibu lilikuwa hapo hapo. Nyama tupu na maini vina fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu sana. Mwili ukikosa kalsiamu kwenye chakula unaichota kwenye mifupa, kwa sababu damu, misuli na moyo haviwezi kungoja. Matokeo yake mifupa inakuwa laini, inapinda, hata kuvunjika bila kuanguka popote. Yaani mbwa wa tajiri anapata matege kwa kushiba! Na asiyepewa kitu zaidi ya ugali au pumba hayuko salama pia, maana kalsiamu humo ni ndogo na pumba inazuia hata hiyo kidogo isifyonzwe. Anayechanganyiwa dagaa wazima, na mifupa yao, ana nafuu kuliko wote wawili.

Kuna wanaosema "mwanike juani kama mtoto mchanga". Jamani, ngozi ya mbwa haitengenezi vitamini D ya kumtosha kama ya kwetu. Ya kwake inatoka kwenye chakula. Ukimwanika unampa joto tu.

Yule mbwa alipelekwa kwa daktari wa mifugo. Akapimwa, akabadilishiwa chakula, akaambiwa apumzike sehemu ndogo, asirukeruke. Baada ya wiki kadhaa akawa anasimama mwenyewe. Mguu mmoja umebaki na kijipindo, lakini anabweka na anakimbiza kuku. Kiroba kimerudi kubebea mkaa.

Sasa si kila kesi ni chakula, na hapa ndo naomba tutulie kidogo. Kuna ugonjwa wa nyonga unaowapata zaidi mbwa wa miili mikubwa: German Shepherd, Labrador, Rottweiler, Boerboel. Kichwa cha mfupa wa paja kinatakiwa kikae vizuri kwenye kikombe cha nyonga. Mtoto anazaliwa nyonga ikionekana sawa, ila kadiri anavyokua kiungo kinalegea, kichwa kinachezacheza, gegedu inalika. Utamwona anakimbia akirusha miguu ya nyuma pamoja kama sungura, anainuka kwa shida, anagoma kupanda ngazi. Huwezi kuuthibitisha kwa macho. Inataka mikono ya daktari na eksirei.

Ugonjwa huu ni wa kurithi, lakini malezi yanauchochea au yanaupunguza. Marekani walifuatilia Labrador 48 maisha yao yote. Nusu walipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 ya wenzao. Waliopunguziwa walikuwa na shida ndogo ya nyonga, na waliishi karibu miaka miwili zaidi. Kwa hiyo ile sifa ya "ona alivyonenepa" kwa mtoto wa mbwa mkubwa si sifa. Na ukisikia kalsiamu usikimbilie kummiminia vidonge: mtoto wa mbwa hawezi kuzuia vizuri ile inayozidi, nayo inaharibu mifupa vilevile. Kule Norway nako walikuta kwamba watoto wa mbwa waliopanda ngazi kila siku kabla ya miezi mitatu walipata tatizo zaidi, na waliocheza nje kwa uhuru walipata kidogo. Kwa hiyo mwache acheze kwenye nyasi, si kwenye vigae vinavyoteleza. Samaki mkunje angali mbichi, na mifupa ndo hivyo hivyo.

Ndo maana lawama yangu kubwa iko kwa wauzaji. Mtu ana dume linaloyumba kiuno, bado analipandisha kwa sababu lina manyoya mazuri, na watoto wanauzwa kwa mamilioni. Marekani tangu 1966 kuna taasisi inayopima nyonga za mbwa kwa eksirei, na cheti cha kudumu hakitolewi mpaka mbwa afikishe miezi 24. Sisi angalau tuulize kuwaona baba na mama wakitembea. Muuzaji akikataa, ondoka na hela yako.

Mambo mawili ya hatari. Kwanza, usimpe mbwa dawa zako za maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumtoboa tumbo na kuua figo zake. Pili, miguu ikilegea ghafla, tena mate yanatoka, sauti imebadilika au hawezi kumeza, usimshike. Kichaa cha mbwa huwa kinaanza hivyo pia, hata kwa mtoto. Mfungie, mwite daktari wa mifugo. Akikung'ata au mate yakagusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo.

Mshkaji wangu mmoja wa hosteli aliniambia, "Watu wanakosa eksirei, wewe unaililia ya mbwa?" Swali zito, na silidharau. Nimeona wagonjwa wakirudi nyumbani kwa kukosa hela ya kipimo. Lakini yule jirani alikuwa na hela ya steki kila siku. Hakupungukiwa hela, alipungukiwa maelezo. Kuchanganya dagaa kwenye ugali ni rahisi kuliko maini. Kumwacha mbwa awe mwembamba kidogo hakuna gharama. Kutopandisha dume bovu ni bure kabisa. Na mbwa hakuomba kununuliwa. Ukishamleta getini akulinde usiku, umeshaingia naye mkataba hata kama hajui kusaini.

Sisemi kila mbwa atapona. Wapo ambao nyonga imekwisha, maumivu hayatulii, upasuaji haupatikani, na daktari akishauri kumlaza kwa sindano huo nao ni utu. Ila uamuzi huo ufanywe baada ya kumpima na kumuuliza mwenye mbwa anamlisha nini, si baada ya kutafuta kiroba.

Naomba kutoa hoja.