Fahali wa Siku 90 ni Hadithi za Abunuwasi

Wasee, hizi video za fahali zimetosha. Mnazijua. Jamaa amesimama kando ya zizi jipya, gambuti hazina hata tone la tope, anampiga ng'ombe kofi ya mgongo halafu anakuambia: huyu nilinunua ngiri 45, nikamlisha siku 90, sasa nauza ngiri 130. Wimbo unaingia. Kisha namba ya simu ya "mafunzo", na mafunzo yenyewe unalipia.

Mimi pia nakula kwa kutengeneza video, hapa hapa Thika, kwa hivyo najua vile kamera huficha vitu. Leo tupige ile hesabu huyo jamaa huruka.

Kutoka 45 hadi 130 ni ngiri 85. Tuseme mwenye bucha ananunua nyama na mifupa yake kwa 500 kwa kilo. Ngiri 85 ni kilo 170 za nyama. Ng'ombe akichinjwa, karibu nusu tu ya uzito wake ndiyo inaning'inizwa pale bucha. Zingine ni ngozi, kichwa, kwato, damu, matumbo na chochote alichokula asubuhi. Kwa hivyo ili upate kilo 170 za nyama mpya, fahali wako lazima aongeze kilo 340 akiwa hai. Gawanya kwa siku 90. Ni karibu kilo 3.8 kila siku, Jumapili ikiwemo. Hakuna ng'ombe duniani anafanya hivyo. Kule Texas, na mahindi yao yote, mnyama akiongeza kilo moja na nusu au mbili kwa siku hiyo ni kazi safi.

Sasa turudi kwetu. Chukua Boran au chotara wa kilo 250, mwenye afya, umempa dawa ya minyoo. Huyo anahitaji chakula kikavu kama asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6 na kitu. Mpe kilo 5 za nyasi kavu na kilo 2 za chakula cha nguvu. Tuseme beli ya kilo 15 ni shilingi 300 na chakula cha nguvu ni 40 kwa kilo. Hiyo ni 180 kwa siku, na 16,200 kwa siku 90. Akiongeza gramu 700 kwa siku, na hiyo si mbaya, mwisho wake ni kilo 63 hai, nyama kilo 31 na nusu, pesa 15,750. Umemaliza miezi mitatu ukiwa chini kwa 450, na hatujalipa maji, daktari, lori wala kijana wa kuosha zizi. Badilisha bei utie za kwenu, lakini usiruke hesabu.

Najua mtu ashaanza kusema, "Lakini kuna watu wanapata." Wapo. Wengi wao faida yao iko kwa kununua. Wanajua soko la Kajiado, wanangoja ukame, wananunua mnyama aliyekonda ambaye mfugaji anaogopa atamfia mkononi. Ng'ombe aliyekonda kwa njaa tu, bila ugonjwa, akipata lishe huongeza uzito haraka kuliko kawaida kwa muda fulani. Kwa hivyo kuna pesa mara mbili hapo, bei ya chini na mwili unaolipiza. Lakini hiyo ni biashara ya jicho na miaka ya kuzunguka sokoni, bana. Usiniuzie kazi ya broka ukaiita ufugaji.

Na ploti nazo? Ruiru na Thika mashamba ya kahawa yamekatwa vipande vya 50 kwa 100. Napier mbichi karibu yote ni maji. Kumshibisha yule fahali wa kilo 250 kwa napier peke yake unahitaji kama kilo 35 kila siku. Panda napier ploti nzima, usijenge hata choo, na mkato mmoja hautakufikisha mwezi. Ndio maana unaona watu na mapanga wakikata nyasi kando ya Thika Superhighway, nyasi zenye moshi na plastiki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini ile ya zamani na vifungashio vingine bado viko huko. Plastiki ikiingia tumbo la ng'ombe haitoki. Inakaa, inachukua nafasi ya chakula, na mnyama anakonda ukimuangalia.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hao jamaa wanaruka utamu wenyewe wa kukaa huku. Thika iko katikati ya chakula cha ng'ombe. Upande mmoja kuna mananasi ya Del Monte, na mabaki ya nanasi ni chakula. Upande ule mwingine, ukishuka hii barabara hadi Ruaraka, kuna kiwanda cha bia, na machicha ni protini. Ukivuka kuelekea Mwea kuna majani ya mpunga, ambayo msimu wa mavuno huwa mengi kuliko wanunuzi. Mtu anayejua kupanga hivyo vitatu, na stoo ya kuviweka, ana biashara hata kabla ya kununua ng'ombe.

Lakini ni kazi. Nanasi ni chungu, limejaa maji na protini yake ni kidogo, kwa hivyo peke yake halitoshi. Machicha yakiachwa wazi siku chache yanaoza. Lazima uyashindilie na kuyafunika hewa isiingie. Majani ya mpunga ni kama kula kadibodi usipoyakatakata na kuyaongezea molasi. Kuna wanaoongeza urea, na hapo nyamaza kwanza usikilize: urea isiyopimwa au isiyochanganywa sawasawa inaua ng'ombe kwa masaa. Taka za kuku, ambazo Thika haziishi, watu wanalishia pia. Ukikuta mzoga wa kuku mle ndani, hiyo ni sumu ya botulismu inakungoja. Na hata chakula kizuri, usimwage ghafla. Ng'ombe wa nyasi akipewa nafaka nyingi siku moja, tumbo linageuka asidi na anaweza kufa. Muongezee kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu.

Hii si habari mpya Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali na FAO walianza mradi wa kunenepesha ng'ombe kule Lanet, Nakuru, kwa saileji ya mahindi. Ng'ombe walinenepa. Halafu miaka ya 1970 mahindi yakapanda bei na nyama haikupanda nayo, na mashamba ya kunenepesha yakafungwa. Hao walikuwa na wataalamu, mizani na mashine. Sisi tuna simu na mkopo.

Binamu yangu wa Makongeni anataka kuuza bodaboda anunue fahali wawili. Ile pikipiki inalipa kodi ya nyumba na karo ya mtoto wake. Nilimuuliza chakula atatoa wapi, akaniambia "agroveti." Nikamuuliza maji, na fahali mmoja anaweza kunywa lita 30 na zaidi kwa siku, huku mfereji wao ukitoa maji siku mbili kwa wiki. Akanyamaza. Bado hajauza, na sijui nitamzuia hadi lini, kwa sababu kila jioni simu inamletea fahali mwingine mnene.

Kwa hivyo wewe mwenye gambuti safi, nina ombi. Pima fahali kwa utepe wa kifua siku ya kwanza, mbele ya kamera. Pima tena kila wiki mbili, na utuwekee risiti za chakula. Siku ya kuuza tuonyeshe mizani ya kichinjio. Ukifanya hivyo hata kama umepata faida ya ngiri 3 tu, nitakusambaza mimi mwenyewe bila kulipwa.

Na wale mko Gatuanyaga, Munyu na Ngoliba, ambao mna shamba kweli na mnatafuta watu wa kugawana lori la machicha, niandikieni.