Isome Barua Kabla ya Kuomba Tena

Mwaka juzi mama yangu alinyimwa viza ya kuja Uingereza kumwona mjukuu wake. Barua ilipofika Makupa, Mombasa, mdogo wangu alimsomea akimfasiria kifungu kwa kifungu. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Kwa hivyo wasema mimi ni mrongo?"

Tangu siku hiyo nimelisikia swali hilo kwa wengi katika jumuiya yetu. Tukinyimwa viza twahisi tumetukanwa. Kwa hasira barua hutupwa, ada hulipwa upya, fomu ileile hujazwa, karatasi zilezile hupelekwa, na jibu huja lilelile. Tahariri hii inaomba tuiache desturi hiyo.

Barua ya mama ilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni taarifa ya benki. Kwa miezi mitano akaunti yake haikuwahi kuvuka shilingi 20,000, kisha siku tisa kabla ya kuomba zikaingia laki nne kwa mara moja. Afisa aliandika kwamba hakuweza kujua pesa hizo zimetoka wapi wala kama kweli ni zake. Ya pili, fomu ilisema mama ana nyumba na biashara, lakini hapakuwa na karatasi hata moja ya kuthibitisha. Nilipoirudia barua mara ya tatu hasira ilinitoka, nikaona haya. Laki nne zile nilizituma mimi, nikidhani akaunti nono ndiyo itakayompitisha. Na karatasi za nyumba hatukuziweka kwa kuwa hatukujua tuweke zipi.

Hapa ndipo penye shida yetu watu wa Makupa na Majengo. Nyumba ya mama ni nyumba bila ardhi, kama zilivyo nyingi za mitaa ile: kuta na paa ni vyake, kiwanja ni cha mtu mwingine anayelipwa kodi. Hati miliki hana. Biashara yake ni mahamri na mbaazi za asubuhi, na wateja hulipa taslimu au kwa M-Pesa. Akiba yake iko kwenye chama cha kina mama. Jina lake ni lake, la babake na la babuye. Hakulibadilisha alipoolewa, kwa hivyo halifanani na langu hata kidogo. Mtaani haya yote yajulikana bila kuulizwa, lakini afisa hana jirani wa kumuuliza. Ana karatasi tu mbele yake.

Na anachokitafuta humo si siri. Kanuni za Uingereza kwa wageni zinataka aridhike na mambo machache: kwamba mgeni anakuja kwa shughuli aliyoitaja, kwamba pesa za safari zipo na zinajulikana zinakotoka, na kwamba atarudi kwao muda wake ukiisha. Kwa kawaida muda huo hauzidi miezi 6.

Basi tulikaa tukajibu sababu moja moja. Niliandika barua kueleza kwamba gharama ni zangu, nikaweka taarifa yangu ya benki na hati zangu za mshahara. Akaunti ya mama tuliiacha ilivyo. Kwa biashara, mdogo wangu alitoa taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima na kurasa za daftari la chama. Kwa nyumba tulitia mkataba wa mauziano, risiti za kodi ya kiwanja za miaka mingi na barua ya chifu. Cheti changu cha kuzaliwa, chenye jina la mama, kilimaliza suala la majina. Kila karatasi ya Kiswahili ilifasiriwa, na mfasiri akathibitisha usahihi wake kwa jina, saini, tarehe na anwani yake. Juu kabisa tukaweka barua ya ukurasa mmoja inayotaja uamuzi wa kwanza na kuonyesha jibu la kila sababu liko karatasi gani. Mara ya pili mama alipata viza.

Siwezi kumwahidi yeyote matokeo kama hayo. Ninachosema ni kwamba ombi la pili lina maana tu ikiwa kuna kitu kilichobadilika: hali yenyewe, au ushahidi wake. Hakuna muda maalumu wa kungoja kabla ya kuomba tena, ila asiyekuwa na jipya la kusema anapoteza pesa. Aprili 2025 ada ya viza ya mgeni wa Uingereza ilipanda hadi pauni 127, na ukinyimwa hairudi. Kwa mama auzaye mahamri, hizo ni asubuhi nyingi za kuamka kabla ya adhana.

Wengi huniuliza habari ya rufaa. Hadi Juni 2013, aliyenyimwa viza ya kutembelea jamaa Uingereza aliweza kukata rufaa. Haki hiyo ilifutwa, na kwa mgeni wa kawaida njia kuu iliyobaki ni kuomba upya. Viza ya mume au mke ni jambo lingine: humo rufaa huwapo, na aliye nje ya Uingereza ana siku 28, kwa hivyo wakili atafutwe mapema. Nchi za Schengen hutoa fomu yenye sababu zilizotiwa alama, na rufaa yaruhusiwa kwa utaratibu wa nchi iliyokataa. Marekani, kifungu 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya 1952 humhesabu muombaji wa viza ya matembezi kuwa anataka kuhamia mpaka amridhishe afisa kwamba sivyo. Hapo mazungumzo dirishani kwenye ubalozi wao Gigiri, Nairobi, yana uzito kuliko barua yako ya mwaliko. Kabla mzee hajapanda basi la usiku la Nairobi pale Mwembe Tayari, ahakikishe aweza kueleza mwenyewe, kwa ufupi, anakwenda kwa nani, kwa nini, na nini kitamrudisha.

Nina onyo moja. Wako mawakala mjini wanaouza barua za kazi na taarifa za benki za kubuni. Uingereza, udanganyifu katika ombi waweza kumfungia mtu miaka 10. Kuficha kwamba uliwahi kunyimwa, hata na nchi nyingine, ni udanganyifu pia. Fomu ikiuliza, sema kweli. Kunyimwa si kosa, lakini ukikuficha umejitia kosani.

Ndugu zangu, sisi tunaoalika ndio wenye kazi kubwa. Wazazi wetu hawakosi maisha ya kuwarudisha nyumbani, wanakosa mtu wa kukaa nao kuyaweka kwenye karatasi. Kwa hivyo aliye na barua ya kukataliwa aje nayo kwenye mkutano wetu ujao, kurasa zote, pamoja na nakala ya fomu aliyojaza. Tutaisoma pamoja kabla hajalipa ada nyingine.